Lesi imejaa Kigali, mikono ya kuifuma iko wapi?

*Jiji linalojivunia bidhaa za nyumbani linawavika maharusi wake lesi ya ng'ambo. Vifaa vya kuifuma kwa mkono ni vichache na rahisi. Ugumu uko kwenye malipo ya saa.*

Msimu wa harusi ukifika Kigali, kiangazi cha Juni hadi Agosti, upande wa vitambaa katika soko la Kimironko haupitiki. Mabunda ya lesi yamesimamishwa wima, nyeupe, rangi ya maziwa, waridi, dhahabu. Shangazi wa bibi harusi anashika ncha ya kitambaa, anaifikicha kwa vidole, anaiinua kuona mwanga unavyopita kwenye matundu, kisha anauliza bei ya mita. Hatua chache nyuma yake cherehani zinalia, na fundi ana vipimo tayari.

Uliza lesi hiyo imetengenezwa na nani. Utatajiwa mji ilikonunuliwa: Dubai, Guangzhou, Istanbul. Mfanyabiashara hakwepi swali. Kati ya meza yake na mashine iliyoitoa lesi hiyo wamepita wauzaji wengi, na hakuna mmoja wao aliyewahi kulazimika kujua.

Katika nchi ambayo kwa miaka kadhaa sasa imefanya bidhaa za ndani kuwa sera ya taifa, swali hilo lina uzito. Gauni la harusi linashonwa Kigali. Umushanana, vazi la sherehe, wa siku ya gusaba, pale familia ya mume inapokwenda kuomba mchumba, unakatwa na kupindwa Kigali. Lakini lesi, sehemu ambayo kila mgeni anaitazama kwanza, inafika ikiwa imekamilika.

Lesi ambayo haikufumwa

Sehemu kubwa ya kinachoitwa lesi sokoni, kwa kweli, ni udarizi. Mwaka 1863 Mswisi Isaak Gröbli alibuni mashine ya kudarizi yenye kijisanduku cha umbo la mashua kinachobeba uzi wa chini. Baadaye viwanda vya St. Gallen na vya Plauen, Ujerumani, vikagundua ujanja mwingine: kudarizi juu ya kitambaa kinachoyeyushwa kwa dawa. Kitambaa kikishaondoka, nyuzi zinabaki zimeshikana zenyewe, na jicho linaamini limeona kazi ya mkono.

Mji mdogo wa Lustenau, Austria, umeishi kwa biashara hiyo. Tangu miaka ya 1960 umekuwa ukiiuzia Nigeria lesi za mashine, na lesi hizo ndizo zilizozifanya sherehe za Lagos ziwe zilivyo. China ikaingia baadaye kwa bei ya chini, na kuanzia hapo hata mwenye kipato cha kawaida Kimironko akaweza kununua mita zake tatu.

Hakuna ubaya katika hilo. Bibi harusi anataka kupendeza Jumamosi. Hana haja ya somo la historia ya nguo. Ila ufundi ambao mashine hizo zinauiga bado uko hai, na vifaa vyake vinaingia vyote kwenye kapu moja.

Mto, pini na vijiti

Kwanza mto. Umejazwa majani makavu au vumbi la mbao ukagandamizwa hadi ukawa mgumu, maana pini lazima isimame bila kuyumba. Ubelgiji wanapenda mto bapa wa duara; Idrija, mji wa Slovenia, wanatumia mto wa mviringo mrefu ulioegemezwa kwenye kikapu au kiegemeo chenye miguu. Ufumaji wa lesi ya vijiti wa Slovenia uliandikwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Juu ya mto inalazwa karatasi ngumu iliyotobolewa vitundu. Hiyo ndiyo ramani. Zamani ilikuwa ngozi. Kila kitundu ni mahali pa pini, na pini lazima iwe ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, vinginevyo lesi nyeupe itatoka na madoadoa.

Kisha vijiti vyenyewe: bobini za mbao zenye urefu wa kidole, shingo nyembamba ya kuzungushia uzi na mkia wa kushikia. Mafundi wa kaunti za kati za Uingereza hutundika ushanga mkiani ili kijiti kiwe kizito na kisibingirike. Wa Flanders huchonga mkia wenye tumbo. Kila ncha ya uzi ina kijiti chake, na vijiti huenda jozi jozi.

Anayeona kwa mara ya kwanza mto wenye jozi arubaini hudhani fundi anakumbuka vijiti vyote themanini. La. Fundi anashughulika na vijiti vinne tu kwa wakati mmoja, na anajua miondoko miwili.

> Miondoko ni miwili tu: kupishanisha na kusokota. Lesi zote za vijiti zilizowahi kufumwa zimetokana na hiyo miwili.

Kupishanisha ni kupitisha kijiti cha pili juu ya cha tatu, kutoka kushoto kwenda kulia. Kusokota ni kupitisha, ndani ya kila jozi, kijiti cha kulia juu ya cha kushoto. Pishanisha kisha sokota, unapata mfumo mwepesi wenye nyuzi za mshazari. Pishanisha, sokota, pishanisha tena, unapata kipande kilichoshiba, mithili ya kitambaa cha kawaida. Chomeka pini, ifunge kwa mfumo huohuo upande wa pili, sogea kwa jozi inayofuata. Msichana yeyote wa mtaa wa Nyamirambo aliyewahi kumsuka mdogo wake nywele ana mwondoko huo kwenye vidole. Kinachobaki ni kuzoea kwamba vichwa viko ishirini na vyote vinasukwa pamoja.

Wanaoanza hupewa aina iitwayo Torchon, yenye uzi mnene kidogo na vitundu vilivyopangwa kwa mistari ya mshazari, kwa hiyo kosa linaonekana mara moja. Lesi ya Bruges ni tofauti: hufumwa utepe mwembamba unaopindapinda, na kila unapojigusa huunganishwa kwa kulabu ileile ambayo mama zetu wanafumia vitambaa vya makochi. Lesi za Valenciennes na Binche ndizo zinazotisha. Hapo ua na mandharinyuma hufumwa kwa pamoja, nyuzi zilezile zikiingia na kutoka, na vijiti vinaweza kufika mamia.

Waliolipa kwa macho

Ufundi huu ulikomaa katika karne ya 16, Venice na Flanders. Kitabu kimoja cha michoro kilichochapwa Zurich mwaka 1561 kinaeleza kwamba lesi ya vijiti ililetwa huko na wafanyabiashara wa Venice mwaka 1536. Mwandishi wake ni mwanamke. Tunachojua kuhusu jina lake ni herufi mbili, R.M. Huo ukawa mtindo: lesi ikabeba jina la mji, aliyeifuma akabaki bila jina.

Wafalme na maaskofu walivaa shingoni thamani ya shamba. Aliyelipia anasa hiyo hasa alikuwa mfumaji. Bi. Bury Palliser, Mwingereza aliyechapisha historia ya lesi mwaka 1865, anaeleza kwamba mfumaji wa Valenciennes alitoa inchi moja na nusu hivi kwa siku, na kwamba jozi moja ya lesi za mikono ya shati la mwanamume ilichukua miezi kumi kwa saa 15 kila siku. Kazi ilifanywa kwenye vyumba vya chini ya ardhi ili unyevu usiruhusu uzi wa kitani kukauka na kukatika. Wengi waliharibikiwa macho wangali vijana.

Kisha ikaja mashine. John Heathcoat alipata hataza ya mashine ya kufuma wavu wa lesi Uingereza mwaka 1808 na nyingine 1809. Usiku mmoja wa Juni 1816 watu wenye nyundo walivamia kiwanda chake huko Loughborough na kuvunja mashine 55. Heathcoat alihamishia kazi Tiverton, kusini magharibi, na wafumaji wa mkono wakaanza safari ndefu ya kushuka.

Ninaeleza haya kwa sababu kila anayetetea kazi za mikono mbele ya wageni huisifu subira ya wanawake. Mara chache huambiwa subira hiyo iligharimu nini.

Kigali na nyuzi zake

Ubelgiji, nchi ambayo bado inauza lesi kwenye madirisha ya Bruges, iliingia Rwanda kwa vita mwaka 1916 na kuondoka bendera yake iliposhushwa Julai 1962. Miaka 46. Hata hivyo kazi ya vijiti siyo iliyotia mizizi katika vilima hivi. Kilichotawala ni ufundi uliokuwapo kabla ya Mbelgiji, na udarizi wa sindano.

Uliokuwapo ni agaseke. Kikapu hiki chenye kifuniko cha ncha hujengwa kwa kuzungusha kichane cha nyasi na kukifunga kwa uzi wa katani au nyasi nyembamba, mzunguko juu ya mzunguko, kwa chombo chenye ncha kiitwacho uruhindu. Kiko kwenye nembo ya taifa iliyoanza kutumika 2001. Ukikaa na wasukaji wake utaona kwamba hesabu wanayofanya kichwani, ya mzunguko upi upokee rangi ipi ili mchoro wa zigizaga ukutane sawasawa, ni ndugu wa hesabu ya karatasi yenye vitundu. Tofauti ni kwamba msukaji wa agaseke hana karatasi.

Kikapu hicho pia ndicho somo la biashara ambalo Kigali inalo. Baada ya 1994, dada wawili waliorudi kutoka uhamishoni Uganda, Joy Ndungutse na Janet Nkubana, waliwakusanya wanawake na kuanza kusuka. Kampuni yao ikaitwa Gahaya Links. Mwaka 2005 maduka ya Macy's ya Marekani yalianza kuuza vikapu vya Rwanda. Wajane wa mauaji ya kimbari na wake wa watu waliokuwa gerezani walikaa mkeka mmoja, na pesa ikaingia nyumbani kupitia mikono ya mama.

Udarizi una mfano wake pia. Mwaka 1997 Christiane Rwagatare, aliyerejea nyumbani kutoka uhamishoni, aliwaunganisha wanawake wa Rutongo, kilima cha migodi ya bati kaskazini mwa jiji, katika karakana iliyokuja kuitwa Savane Rutongo-Kabuye. Wanadarizi picha kubwa: shamba, ng'ombe, soko, anga la jioni. Kazi zao zimefika Marekani kwenye maonyesho yaliyoitwa Pax Rwanda.

Kwa hiyo mikono ipo. Anayesema Kigali haiwezi lesi kwa sababu haina utamaduni wa nyuzi laini hajapanda Rutongo.

Kiwanda au mto?

Hoja ya kwanza inayosikika jijini ni ya kiwanda. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana taratibu na mitumba, ambayo Kigali wanaiita caguwa. Rwanda ikapandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Nchi jirani zilirudi nyuma Marekani ilipokunja uso. Rwanda haikurudi, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye AGOA, msamaha wa ushuru wa Marekani.

Wenye hoja hii wanasema nguvu iliyowekwa hapo haiwezi kuishia kwenye mito ya majani. Ajira inayotakiwa ni ya maelfu, na mahali pake ni viwanda vya eneo maalumu la kiuchumi huko Masoro, ambako cherehani zimepangwa safu kwa safu. Kama ni lesi, inunuliwe mashine ya kudarizi. Itatoa kwa siku moja mita nyingi kuliko kijiji kizima cha wafumaji kwa mwaka.

Hoja ya pili ni ya vyama vya ushirika na wabunifu. Kwao kushindana na Guangzhou kwa mita ni kupoteza muda. Wanatazama mtalii anayeshuka Nyamirambo kutembezwa na kituo cha wanawake, anayepita Caplaki, soko la kazi za mikono, kununua zawadi, anayelipa bei ya juu kwa kitu ambacho amemwona mtu akikitengeneza. Mto wa vijiti unapendeza kuutazama. Kola moja, jozi ya hereni, utepe wa sentimita tano kwenye ukingo wa umushanana, hivyo havihitaji mita mia.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, na ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote. Kwa nini lesi ya Ulaya? Agaseke inajulikana, soko lake lipo, na jina lake ni la hapa. Kumpa mwanamke wa wilaya ya Gasabo kazi iliyowapofusha wanawake wa Valenciennes, kwa sababu tu inamvutia mgeni, ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

> Kima cha chini cha mshahara kinachotajwa Rwanda tangu 1980 ni faranga 100 kwa siku. Leo hakinunui hata yai moja.

Hapo ndipo mjadala unapofika mahali pake. Kima hicho cha faranga 100 hakijawahi kubadilishwa. Sheria ya kazi ya 2018 ilimwachia waziri apange kipya kwa amri yake, na vyama vya wafanyakazi vimekuwa vikiidai amri hiyo. Msukaji wa kikapu na mfumaji wa lesi hulipwa kwa kipande, si kwa saa. Mnunuzi akishusha bei ya kipande, hakuna sakafu ya kumzuia.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme ukingo wa kola unachukua saa 30 za fundi aliyezoea. Ukiuzwa kwa bei ya kikapu cha kawaida, saa moja inabaki na thamani ya chai ya tangawizi mtaani Biryogo. Ili saa hiyo imlishe mtoto, kola lazima iuzwe kwa bei ambayo duka la zawadi litasita kuiandika. Mbunifu wa mavazi anaweza kuiandika, kwa mteja mmoja mmoja. Hiyo ndiyo hadhira ya kweli ya lesi ya mkono, na ni ndogo. Kuviahidi vyama vya ushirika kitu kikubwa zaidi ya hapo ni kuvidanganya.

Mto uko Maskati pia

Wanaoiita kazi ya vijiti ya Kizungu wangetazama pia upande wa Ghuba. Waswahili wenye shangazi Maskati au Dubai huenda wameshaiona talli: utepe wa nyuzi za pamba au hariri na uzi wa metali unaong'aa, unaoshonwa shingoni, mikononi na kwenye miguu ya suruali za wanawake.

Talli husukwa kwenye kajuja, mto uliowekwa juu ya kigoda cha chuma, nyuzi zimebanwa juu kwa pini na kila moja imezungushiwa bobini yake. Mama anaketi sakafuni, anapishanisha kulia na kushoto, anaongea na jirani bila kutazama vidole. UNESCO iliiandika talli ya Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 2022. Ukilinganisha na mto wa Bruges, miondoko ni jamaa moja.

Kwa mtaa kama Biryogo, uliokua na Waswahili wafanyabiashara, talli ingekuwa mlango wa karibu kuliko Valenciennes. Ni nyembamba, inatumia vijiti vichache, inakwenda haraka, na ina mvaaji tayari: mwanamke anayetaka urembo kwenye buibui au dera lake la Idi. Nashangaa hakuna anayeizungumzia.

Vifaa tayari, tatizo ni uzi

Tukiacha bei, kikapu cha vifaa kingejaa kirahisi. Agakiriro ka Gisozi, bonde la maseremala na mafundi chuma, lina mashine za kuchonga mbao za mviringo. Vijiti mia mbili ni kazi ya siku chache. Mto utajazwa majani. Karatasi ya vitundu inahitaji sindano na subira ya kukopi mchoro.

Uzi ndio mgumu. Lesi nzuri hutaka kitani au pamba iliyosokotwa sawasawa, nyembamba, isiyo na vifundo. Uzi wa cherehani wa poliesta unateleza na hauushiki mfumo. Katani ya vikapu ni nene mno, ingawa hapa kuna jambo la kuwatia hamu wasukaji: katika kisiwa cha Hvar, Kroatia, masista Wabenediktini hutoa nyuzi nyembamba nyeupe katika majani mabichi ya mmea wa jamii moja na mkonge, na kuzifuma lesi. Kazi hiyo imo katika orodha ya UNESCO tangu 2009. Hawatumii vijiti, wanatumia sindano, lakini malighafi yao ni ndugu wa ile inayofunga agaseke.

Njia nyingine ni hariri. Rwanda imehimiza wakulima wapande miforosadi na kufuga viwavi wa hariri, na Ufaransa iliwahi kuwa na lesi maarufu za vijiti zilizofumwa kwa hariri tupu, ile ya Chantilly ikiwa nyeusi. Hariri ni nyepesi kubeba, inavumilia kusokotwa, na bei yake inamruhusu mbunifu kudai faranga zaidi kwa kipande.

Ila kifukofuko kikiuzwa kibichi, mkulima hapati uzi wa kufumia na mfumaji hapati uzi wa karibu. Kati yao panahitajika mtu wa kuuzongoa uzi huo, kuusokota kwa unene unaofaa mto na kuuza kwa gramu badala ya kwa marobota. Kazi hiyo ya katikati haina picha nzuri ya kumwonyesha mtalii, na wafadhili wa ufundi mara nyingi huanza na mafunzo ya kufuma, kisha vyama vinabaki vikisubiri uzi wa kuagizwa.